Sura ya Saba: Muhuri Huu Unathibitisha Nini?

“Cheti changu kiko kwa Kiswahili, ubalozini wanataka Kiingereza. Nikikitafsiri mwenyewe halafu wakili akanigongea muhuri, si kinatosha?”

Swali hili huulizwa kila siku kwenye steshenari zilizojipanga nje ya mahakama na ofisi za serikali, kuanzia Temeke hadi Mwananyamala, na mara nyingi anayelijibu ni kijana wa kutoa kopi. Hujibu bila wasiwasi: “Lete tu mama, tunamaliza hapahapa.” Kuna siku kweli mambo humalizika hapo. Kuna siku nyingine mama hurudi na bahasha ileile, ameambiwa tafsiri yake haitambuliki, na nauli, ada na muda vimeshapotea.

Simlaumu kijana wa steshenari, wala mama. Ukiitazama kwa mbali, mihuri yote inafanana: duara, wino wa bluu, saini imekatiza juu yake. Lakini kila muhuri una mwenyewe, na kila mwenyewe anaapia jambo lake tu. Ukishajua nani anaapia nini, kazi ya kupeleka nyaraka nje ya nchi hupungua nusu.

Karatasi moja, mihuri minne

Tuchukue familia ya kubuni, ila ya kawaida kabisa. Mzee mmoja wa Tandika alifanya kazi Muscat, Oman, kwa miaka mingi, akarudi nyumbani, akafariki. Ameacha akiba kwenye benki ya kule. Watoto wanakaa kikao cha ukoo na kumpendekeza binti mkubwa awe msimamizi wa mirathi, yaani mtu anayetambuliwa kisheria kukusanya mali ya marehemu, kulipa madeni yake na kugawa kinachobaki. Binti anapeleka maombi kwenye Kituo Jumuishi cha Masuala ya Familia cha Temeke, ambako tangu 2021 mashauri ya mirathi, ndoa na talaka yamewekwa mahali pamoja. Mahakama ya Mwanzo inamteua na kumpa Fomu Namba Nne, hati inayomtambulisha kuwa msimamizi. Fomu iko kwa Kiswahili. Benki ya Muscat inafanya kazi kwa Kiarabu.

Sasa tuhesabu mihuri.

Wa kwanza ni wa mahakama yenyewe. Huo unasema: hati hii imetoka kwetu. Kwa cheti cha kuzaliwa au cha kifo, mwenye kusema hivyo ni RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Kwa aliyezaliwa Unguja au Pemba, na Temeke imejaa watu wa huko, ni wakala wa usajili wa Zanzibar. RITA hawawezi kumsemea.

Wa pili ni wa wakili. Binti hataki kuiachia hati yake asilia, kwa hiyo anatoa kopi na kumpelekea wakili athibitishe nakala. Wakili anafanya hivyo akiwa mthibitishaji na kamishna wa viapo, kazi iliyowekwa na Sheria ya Wathibitishaji na Makamishna wa Viapo, Sura ya 12. Muhuri wake unasema jambo moja: nimeiona asilia, na kopi hii inafanana nayo. Hasemi kwamba yaliyoandikwa ni kweli, na hasemi lolote kuhusu tafsiri. Wakili aliyegonga muhuri juu ya tafsiri ya Kiarabu ilhali hajui Kiarabu amethibitisha nini hasa? Pengine saini ya mtu aliyesaini mbele yake. Basi.

Wa tatu ni wa mfasiri. Huyu ndiye pekee katika mlolongo mzima anayeapia maana: kwamba kilichomo kwenye lugha ya kwanza kimeingia chote kwenye lugha ya pili, bila kuongezwa wala kupunguzwa.

Wa nne ni wa Wizara ya Mambo ya Nje, na nyuma yake wa ubalozi wa nchi karatasi inakokwenda. Wizara inathibitisha kwamba saini na muhuri uliotangulia ni wa ofisa anayetambulika. Ubalozi nao unaithibitisha saini ya wizara. Hakuna hata mmoja wao anayepaswa kuisoma hati ya mzee wa Tandika na kuamua kama ni ya haki. Wanatazama saini, wanalinganisha na walizonazo kwenye kumbukumbu, wanagonga.

Zipo nchi zilizofupisha safari hiyo ya mwisho. Mkataba uliosainiwa The Hague tarehe 5 Oktoba 1961 uliunda cheti kimoja kiitwacho apostili, ambacho kikibandikwa na mamlaka ya nchi moja kwa kawaida hukubaliwa na nchi nyingine wanachama bila kupitia ubalozini. Oman imo tangu 2012, China iliingia 2023. Kwa majirani zetu, Burundi wamo tangu 2015 na Rwanda tangu 2024. Tanzania haimo. Ndiyo maana binti wa Tandika lazima apite ubalozi wa Oman, wakati mwenzake wa Bujumbura angetoka na karatasi moja tu.

*Kwa ufupi: mtoaji anathibitisha hati, wakili anathibitisha kopi, mfasiri anathibitisha maana, wizara na ubalozi wanathibitisha saini. Muhuri mmoja haufanyi kazi ya mwingine, hata uwe mkubwa kiasi gani.*

Mfasiri anayetambulika ni nani?

Hapa nchini, ofisi ambayo watu huelekezwa kwanza ni BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa Sheria Namba 27 ya 1967. Wengi wanalijua baraza hili kwa vipindi vyake vya redio na kwa mabishano ya istilahi. Wachache wanajua kwamba lina kazi ya tafsiri na ukalimani (ukalimani ni kutafsiri kwa mdomo, papo kwa papo), na kwamba hutafsiri nyaraka za watu binafsi na kuzitia muhuri wake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, yenye wataalamu wa fani hiyohiyo. Zanzibar wana BAKIZA, baraza lao wenyewe.

Kazi hii imeongezeka. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Namba 1, iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kabla ya hapo Mahakama za Mwanzo zilikuwa zikiandika kwa Kiswahili, lakini kuanzia juu yake kumbukumbu na hukumu zilikuwa za Kiingereza. Tarehe 1 Februari mwaka huo, kwenye Siku ya Sheria jijini Dodoma, Rais Magufuli alimpandisha Jaji Zephrine Galeba wa Mahakama Kuu Musoma kwenda Mahakama ya Rufani, akimsifu kwa kuandika uamuzi kwa Kiswahili katika shauri lililouhusu mgodi wa North Mara. Kwa mwananchi wa Mbagala hayo ni mafanikio makubwa: anasoma hukumu yake mwenyewe bila mkalimani. Lakini karatasi hiyohiyo ikitakiwa Toronto, sasa inahitaji mfasiri, ambapo zamani ingeenda kama ilivyo.

Kuna wanaoudhika na jambo hili. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya SADC tangu 2019, wanasema, na kina siku yake duniani, 7 Julai. Kwa nini bado tunatafsiri vyeti? Hoja ina heshima yake, ila ofisa wa dirisha la viza hasomi maazimio ya mikutano ya wakuu wa nchi. Anasoma lugha yake.

Muulize anayepokea kabla hujamlipa yeyote

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Tuna imani kubwa mno na wino, tunadhani mihuri ikizidi ndivyo karatasi inavyopata nguvu. Ukweli ni kwamba kila nchi ina sharti lake, na mengine yatakushangaza kwa wepesi.

- Marekani. Idara ya uhamiaji haidai muhuri wa baraza wala wa wakili juu ya tafsiri. Inataka tafsiri kamili ya Kiingereza, na mfasiri aandike na kusaini kwamba tafsiri ni kamili na sahihi, na kwamba ana uwezo wa kutafsiri kutoka lugha hiyo.
- Uingereza. Kwa maombi ya viza, mfasiri athibitishe kwamba tafsiri ni sahihi, aweke tarehe, jina lake kamili, saini na mawasiliano yake, ili wakitaka kumpigia wampate.
- Kanada. Mwombaji haruhusiwi kujitafsiria, wala ndugu yake, hata kama ni mwalimu wa lugha. Mfasiri asiye na ithibati ya chama cha kitaaluma lazima ale kiapo cha maandishi kuhusu usahihi wa kazi yake.
- Ujerumani. Kule mfasiri wa nyaraka rasmi huapishwa na mahakama, na ofisi nyingi hutaka kazi ya mfasiri wa aina hiyo. Tafsiri uliyoilipia Dar inaweza kurudiwa upya kule, ukalipa mara mbili.
- Falme za Kiarabu. Tafsiri ya Kiarabu hufanywa na wafasiri wenye leseni ya Wizara ya Sheria ya huko.

Ukiisoma orodha hiyo utaona kwamba swali la “nitafsiriwe wapi?” halina jibu hadi tujue karatasi inakwenda wapi, na hata nchi moja ina ofisi zenye masharti tofauti. Chuo hakitaki kile anachotaka msajili wa ndoa. Kwa hiyo andika barua pepe kwa ofisi itakayopokea na uwaulize mambo manne: lugha gani, mfasiri wa aina gani, tafsiri iambatane na asilia au na kopi iliyothibitishwa, na uthibitisho wa wizara uje kabla ya tafsiri au baada yake. Hilo la mwisho watu hulisahau. Uthibitisho ukiwekwa kwanza, nao unakuwa sehemu ya hati, na wengine watataka maneno ya mihuri hiyo yatafsiriwe pia. Jibu litakapokuja, lichape na utembee nalo. Nimeona karatasi ya namna hiyo ikimaliza ubishi dirishani haraka kuliko kupandisha sauti.

Ndani ya muhtasari wa kikao cha ukoo

Hadi hapa tumezungumzia wino. Tuingie kwenye maneno, kwa sababu tafsiri mbaya yenye muhuri mzuri bado ni mbaya.

Rudi kwa binti wa Tandika. Pamoja na fomu ya mahakama, benki imeomba muhtasari wa kikao cha ukoo. Ni karatasi mbili za daftari la mistari zilizoandikwa kwa kalamu. Juu kuna tarehe na mahali: nyumbani kwa marehemu. Chini kuna majina kumi na moja, saba yana saini, manne yana alama ya dole gumba. Pembeni mtu ameongeza jina kwa kalamu ya rangi nyingine. Kuna muhuri wa serikali ya mtaa uliokosa wino upande mmoja. Na kuna sentensi hii: kikao kilifunguliwa saa 2:00 usiku mbele ya balozi, na baba wa marehemu alitoa nasaha.

Programu ya simu itaitafsiri sentensi hiyo kwa nukta chache, na itampotosha msomaji mahali patatu.

Saa mbili usiku kwetu ni saa mbili tangu jua lizame. Mtu wa nje akisoma “2:00 usiku” atadhani ukoo ulikutana wakati majogoo wamelala. Kwenye mirathi hilo ni kichekesho tu, lakini kwenye mwenendo wa kesi ya jinai, au kwenye maelezo ya mtu anayeomba hifadhi ya ukimbizi Ulaya, saa sita za tofauti zinaweza kumfanya aonekane mwongo. Mfasiri mzuri huandika saa kwa mfumo wa msomaji, kisha huweka maelezo mafupi kwamba asilia imetumia saa za Kiswahili.

Balozi huyu ni balozi wa nyumba kumi, kiongozi wa shina la chama, jirani anayejua nani amefiwa na nani ana ugomvi na mkewe. Nimewahi kusoma tafsiri iliyompandisha cheo akawa mwakilishi wa nchi. Fikiria ofisa wa benki anaposoma kwamba kikao cha familia ya Tandika kilihudhuriwa na mwanadiplomasia, tena amesaini kwa dole gumba. Vivyo hivyo “mtaa” kwenye muhuri: kwa Dar es Salaam ni ngazi ya utawala yenye mwenyekiti aliyechaguliwa na mtendaji aliyeajiriwa, na barua yake ya utambulisho ina uzito. Ukiutafsiri kama barabara, barua inakuwa imeandikwa na barabara.

Mtego wa tatu ndio wa hatari, na huu umo kwenye hati yenyewe. “Baba wa marehemu” aliyetoa nasaha ana umri wa miaka sitini, na marehemu mwenyewe alifariki akiwa na sabini na mbili. Alikuwa baba mdogo, mtoto wa mwisho wa babu. Kila mtu kikaoni alilijua hilo, hakuna aliyeona haja ya kuliandika. Lakini kwa sheria ya mirathi ya Kiislamu baba mzazi ana fungu lake lisiloondoshwa na watoto, na baba mdogo hana fungu iwapo marehemu ameacha mtoto wa kiume. Msomaji wa Muscat anaijua sheria hiyo vizuri. Atauliza: baba yuko hai, mbona hamkumtaja kwenye orodha ya warithi? Na shauri zima linasimama.

Je, mfasiri aandike “baba mdogo” kwa kuwa ndio ukweli? Hapana. Mfasiri hana mamlaka ya kusahihisha hati. Anatafsiri kilichoandikwa. Kama familia inataka kufafanua, inakula kiapo kwa kamishna wa viapo kueleza uhusiano huo, na kiapo kinatafsiriwa kikaenda pamoja na muhtasari. Wateja wengi hulichukia jibu hili. Wanamwomba mfasiri “arekebishe kidogo tu”, hasa kwenye majina: cheti cha kuzaliwa kina Fatma, pasipoti ina Fatuma, cheti cha shule kina Fatima. Mfasiri akiyasawazisha majina hayo kwa huruma, amemtengenezea mteja kosa kubwa zaidi, kwa sababu mpokeaji anayo asilia mezani na anajua kulinganisha herufi hata kama hajui Kiswahili. Tofauti za majina hutibiwa kwenye chanzo: RITA kwa marekebisho ya cheti, kiapo cha majina, au hati iliyosajiliwa ya kubadili jina.

Tafsiri kamili hubeba kila kitu kilicho kwenye karatasi. Muhuri unatafsiriwa, maneno yaliyomo na mahali ulipo. Dole gumba linaelezwa kuwa ni dole gumba. Jina lililoongezwa pembeni kwa kalamu ya rangi nyingine linaelezwa hivyohivyo. Upande wa muhuri uliokosa wino unaandikwa “haisomeki”, na hapo mfasiri anajilinda yeye na mteja wake. Tarehe nazo zina mtego: 03/04/1990 kwetu ni Aprili, kwa Mmarekani ni Machi. Andika mwezi kwa neno, imekwisha.

Talaka, kwa kifupi tu

Karatasi inayosumbua kuliko zote kwenye balozi ni ya talaka. Mwanamke wa Kijichi ana karatasi aliyoandikiwa na mumewe, mashahidi wawili na shehe wamesaini. Kidini ameachika. Anaitafsiri, anaipeleka ubalozini ili aolewe upya na mchumba aliye nje, wanaikataa. Anadhani tafsiri ina kosa. Tafsiri haina kosa. Chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, Tanzania Bara, ndoa huvunjwa na mahakama, na karatasi ya talaka ni ushahidi wa kupeleka mahakamani pamoja na hati ya baraza la usuluhishi. Anachohitaji kutafsiri ni amri ya mahakama ya kuvunja ndoa. Zanzibar ni habari nyingine, kule Mahakama ya Kadhi ni mahakama kamili ya serikali kwa mambo hayo. Ukiona hati yako inakataliwa mara ya pili, uliza kwanza kama ni hati sahihi, kabla ya kumrudia mfasiri.

Wafanyabiashara wa Ashuru na bahasha za udongo

Haja ya kuthibitisha maandishi ni kongwe kuliko karatasi. Karibu miaka 4,000 iliyopita, wafanyabiashara kutoka mji wa Ashuru, ulioko Iraq ya leo, walikuwa wakipeleka bati na vitambaa kwa misafara ya punda hadi Kanesh, karibu na mji wa Kayseri nchini Uturuki. Waliandika kwenye vibao vya udongo, na wachimbaji wa mambo ya kale wamepata huko zaidi ya 20,000. Hati ya deni ilifungwa ndani ya bahasha ya udongo pia. Juu ya bahasha yalirudiwa yaliyomo ndani, kisha mashahidi wakaviringisha mihuri yao juu ya udongo kabla haujakauka. Ugomvi ukitokea, bahasha inavunjwa mbele ya waamuzi, na cha ndani kinalinganishwa na cha nje. Nakala, asilia, mashahidi, mihuri: vyote vilikuwapo kabla ya mtu yeyote kufikiria dirisha la viza.

Waashuru wapo hadi leo. Ni Wakristo wanaozungumza lahaja za Kiaramu na kuandika kwa khati ya Kisiria, wengi wametawanyika kutoka Iraq, Syria na Uturuki hadi Chicago na Södertälje, Sweden. Katiba ya Iraq ya 2005 inaitambua lugha yao kwenye maeneo wanakoishi kwa wingi, lakini hawana dola yao. Kwa hiyo familia yenye cheti cha ubatizo kutoka kanisa la kijijini, kilichoandikwa kwa Kisiria, hukumbana na swali ambalo sisi na BAKITA yetu hatulijui sana: ni nani mwenye mamlaka ya kusema tafsiri hii ni sahihi, ilhali ofisa anayeipokea hana hata mwenzake mmoja anayeweza kusoma herufi zile? Hutegemea mfasiri mwenye ithibati katika nchi walikohamia, na akikosekana, kazi hupita kwenye lugha ya kati, Kiarabu mathalani, kisha Kiswidi. Kila kituo cha njiani kinaongeza nafasi ya kukosea, na ndiyo maana kila mfasiri anapaswa kusaini kipande chake mwenyewe.

Nasi tunazo karatasi za aina hiyo. Kiswahili cha pwani kiliandikwa kwa karne kadhaa kwa herufi za Kiarabu, na Nyaraka za Taifa Zanzibar zimehifadhi hati nyingi za zamani za khati hiyo. Kuna familia za Dar es Salaam zenye wosia au hati ya shamba ya babu iliyoandikwa hivyo, imekunjwa ndani ya msahafu. Ukimpa mfasiri wa Kiarabu atakurudishia akisema herufi ni zake ila maneno hayajui. Ukimpa mfasiri wa Kiswahili naye atasema kinyume. Hati hiyo inahitaji hatua mbili: kwanza mtu anayeisoma khati aiandike kwa herufi za Kilatini na kusaini, kisha mfasiri aitafsiri. Usimwachie mtu mmoja afanye yote mawili bila kuonyesha hatua ya kati, kwa sababu siku ya ubishi mahakamani hatua hiyo ndiyo itakayotazamwa.

Njiani kuna vishoka

Mahali penye foleni hapakosi mtu wa kukuuzia njia ya mkato. Vishoka, wale wanaofanya kazi ya kitaalamu bila sifa wala leseni, wapo nje ya kila ofisi ya nyaraka jijini. Watakuuliza tu: “Dada, unataka muhuri wa wapi?” Anayekwambia hivyo ana mihuri ya kila mahali mfukoni. Karatasi yenye muhuri wa kughushi ikigundulika ubalozini, mwenye kesi ni wewe uliyeiwasilisha, na nchi nyingine hukufungia maombi ya viza kwa miaka. Wakili unaweza kumhakiki mwenyewe kwa simu: Mahakama ya Tanzania ina mfumo wa mtandaoni uitwao e-Wakili unaoonyesha kama jina alilokupa lipo kwenye orodha ya mawakili na kama ana haki ya kufanya kazi mwaka huo. Dakika mbili zinatosha.

Mambo madogo nayo huangusha watu. Usilamineti cheti. Nia huwa nzuri, mvua za masika na panya wa Dar tunawajua, lakini wino wa muhuri haushiki juu ya plastiki, na ofisi nyingi hukataa kugonga. Weka cheti kwenye faili lenye mfuko wa plastiki badala yake. Usitoe pini kwenye nyaraka zilizoshonwa pamoja na kugongwa muhuri unaokatiza kurasa mbili. Ukitaka kutoa kopi, kunja kurasa. Matundu ya pini yasiyolingana yanatosha kumfanya ofisa ashuku kwamba ukurasa umebadilishwa. Na mfasiri akikukabidhi kazi, isome hapohapo mbele yake, tarehe kwa tarehe, jina kwa jina, hata kama lugha ya pili huijui. Majina na tarakimu utaziona. Kosa likigunduliwa kabla ya muhuri wa wizara, linasahihishwa bure. Likigunduliwa baada yake, mlolongo wote unaanza upya.

Kisha kuna muda. Wengi wetu huanza kutafuta cheti siku tunayoambiwa viza inakaribia. RITA wana foleni yao, mahakama ina likizo yake, mfasiri ana wateja wengine, na jina lililokosewa herufi moja linahitaji kiapo na pengine marekebisho kabla hata ya tafsiri kuanza. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama nyumbani kwako Mbagala au Tegeta kuna cheti cha mtoto ambacho jina lake halilingani na la shule, kitoe sandukuni wiki hii ukakirekebishe, wakati bado hakuna anayekidai.